Si Paka, ni Kondoo

Ninyi mnaochana pakiti ya uzi kwa vidole viwili na kuitupa kama ganda la pipi, nawaombeni mketi kidogo. Tangu nistaafu mwaka jana nimepita mara tatu kwenye chumba chetu cha upasuaji pale Musoma kuwasalimia, na mara zote tatu nimekuta vipande virefu vya uzi mzima ndani ya ndoo ya taka. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Ndipo nikaona bora niandike.

Sitawaambia nilipandishwa cheo lini. Hayo yamo kwenye faili, kama panya hawajalila. Nitawaambia habari za uzi, kwa sababu uzi ndio ulionifundisha kazi, na ulinifundisha kwa kuniaibisha.

Kwanza mnijue. Nimezaliwa katika kijiji cha wavuvi kule peninsula, kwenye ncha ya nchi inayoingia ziwani. Baba alivua furu na sato, mama alianika dagaa juu ya mawe. Sikuwa na mjomba serikalini wala shangazi mjini. Nilijisomesha kwa ndoo ya dagaa kichwani, nikafaulu, nikapata nafasi ya kwenda Bulgaria, nikakaa miaka minne, nikajifunza lugha yao na theluji yao, nikarudi na stashahada ya uuguzi wa chumba cha upasuaji. Wakati ule sikumjua muuguzi mwingine mkoani mwenye karatasi kama ile, na sikuona sababu ya kuficha jambo hilo. Niliitia kwenye fremu nikaitundika ofisini. Sababu ya kuificha siioni mpaka leo.

Nilirudi miaka ile migumu ya baada ya vita, sabuni ikiwa kitu cha kutafutwa kama dhahabu ya Buhemba. Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni jeupe nililolinunua ng'ambo, nikaingia, nikauliza glovu ziko wapi. Mtu mmoja mzee, mfupi, mwenye mabuti ya mpira, akanionyesha kamba iliyofungwa kutoka dirishani hadi kwenye msumari. Glovu zilikuwa zimeanikwa pale kama nguo za mtoto. Zilifuliwa, zikajazwa maji kuangalia kama zinavuja, na zilizovuja zikatiwa viraka kwa vipande vya glovu zilizokufa.

"Hizi ni za kutupa," nikamwambia. "Zinavaliwa mara moja."

"Hata hapa tunazivaa mara moja, Sista," akasema. "Mara moja leo, mara moja kesho."

Huyo alikuwa Mzee Magesa, mhudumu wa chumba cha upasuaji. Alikuwa na elimu ya darasa la nne na miaka mingi ya kazi, tangu enzi za wakoloni. Alinoa sindano za kushonea kwenye jiwe laini la mtoni. Alichemsha vyombo kwa jiko la mafuta ya taa, na mafuta yakikosekana, kwa kuni. Nyuzi za kushonea ngozi zilipokwisha, alikwenda mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kuomba kwa wavuvi uzi wa nailoni wa nyavu, akauosha, akauchemsha, akaukata kwa kipimo cha mkono. Mimi binti wa mvuvi, niliyevuka bahari kwenda kusomea nyuzi, nikajikuta nashona watu kwa nyavu za baba. Nilikasirika wiki nzima. Lakini vidonda vilipona, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Uzi wa nailoni unafaa kwenye ngozi kwa sababu baadaye unautoa. Ndani ya tumbo, kwenye mji wa mimba, huwezi kurudi kuutoa. Pale tulitaka uzi unaoyeyuka wenyewe, na enzi zile uzi wa namna hiyo ulitoka kwa mnyama. Ulikuja umekunjwa ndani ya kichupa cha kioo chenye maji ya dawa. Unavunja shingo ya kichupa, unautoa kwa koleo, una rangi kama ya chai ya rangi. Unashona, na baada ya wiki chache mwili wa mtu umeula, haupo tena. Pale kazini wote waliuita katigati. Vichupa hivyo Mzee Magesa alivifungia ndani ya kopo la maziwa, na kopo ndani ya kabati, na ufunguo aliuvaa shingoni. Ulipokuja msako wa walanguzi alihangaika sana, akidhani watamkamata kwa kuficha bidhaa.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu. Nitausema wote, maana wengine wameusema nusunusu.

Kule Bulgaria, mwaka wangu wa tatu, niliingia kwenye upasuaji wa moyo. Mgonjwa alikuwa dereva wa trekta. Mlango mmoja ndani ya moyo wake, ule unaopitisha damu na kuizuia isirudi, ulikuwa umekufa. Profesa akaukata, akaweka mwingine mahali pake, na huo mwingine ulitoka kwenye moyo wa nguruwe. Ulikuwa umetiwa dawa usioze na mwili usiukatae. Ilibidi uoshwe mara nyingi kabla ya kuwekwa, na aliyeshika bakuli la kuoshea ni mimi. Nilikiona kipande cha mnyama kikifungua na kufunga ndani ya kifua cha mtu. Yule dereva niliachana naye akitembea bustanini, anavuta sigara, ingawa alikatazwa.

Niambieni, mtu akishaona hayo atanyamaza? Mimi sikunyamaza. Nilisimulia kwenye chai ya saa nne, nikasimulia sokoni, nikasimulia kanisani baada ya ibada. Wenzangu walinisumbua.

"Sista Diploma, huyo mtu alipoamka, alikoroma ama aliguna?"

"Mke wake anampikiaga nini sasa, pumba?"

Nilijibu kila swali kwa kirefu, kana kwamba niliulizwa kwenye mtihani. Sikujua kwamba masikio mengine yalikuwa yanabeba habari hiyo nje ya geti, na kwamba ikifika Buhare, pembeni ya mji, itakuwa imebadilika sura: pale hospitali kuna mwanamke ametoka Ulaya, anaweka watu nguruwe.

Asubuhi moja wakaleta mama mzazi kutoka Buhare. Jina lake Nyangeta, mimba ya kwanza, uchungu siku ya pili, mtoto amekwama. Mumewe alikuwa Buhemba anachimba. Aliyekuja naye ni mama mkwe wake, Bibi Wegesa, mwanamke mrefu aliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Kanisa lile nguruwe halimgusi, hata mafuta yake. Daktari akapima, akasema apasuliwe saa hiyo hiyo, la sivyo tutawapoteza wote wawili. Tulikuwa na vichupa vitatu tu vya katigati kwenye kopo. Nikatoka na fomu ya ridhaa.

Bibi Wegesa hakuitazama fomu. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye yule wa nguruwe?"

"Mimi ni Sista wa upasuaji."

"Nakuuliza. Mkishampasua, mnamshonaga na nini? Nimesikia ni kitu cha mnyama. Ni nguruwe?"

Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Daktari ananiita ndani, Nyangeta analia kwenye machela, na huyu mama ananihoji habari ya nguruwe. Nikapandwa na hasira, na juu ya hasira nikapandwa na usomi. Kule nilikosomea uzi ule waliuita ketgut, neno tu, kama mtu anavyosema meza, na sikuwahi kuuliza maana yake. Niliporudi nikaliona limeandikwa Kiingereza juu ya boksi, catgut, nikalikata vipande viwili kwa Kiingereza changu cha sekondari: kipande cha kwanza paka, cha pili utumbo. Nilijisifu moyoni kwa kuligundua hilo peke yangu.

Kwa hiyo nikamjibu mbele ya watu wote waliokaa barazani: "Si nguruwe, mama! Msiwe mnaongea vitu msivyovijua. Ni utumbo wa paka!"

Vichwa vyote barazani vikageuka.

Bibi Wegesa akaishika machela kwa mikono miwili. "Paka," akasema polepole. Kisha akapaza sauti. "Mnasikia? Paka! Yule anayepita juu ya mapaa ya wachawi ndiye wamshone mkwe wangu naye! Tunarudi nyumbani."

Mzee Magesa alitoka na mabuti yake. "Mama, siyo paka. Sista amekosea. Ni kondoo. Daktari mmoja mzungu aliwahi kunionyesha zamani. Wanakwangua utumbo wa kondoo, wanabakiza ule utando mgumu wa katikati, wanausokota."

"Mara nguruwe, mara paka, mara kondoo!" akasema Bibi Wegesa. "Kesho mtasema ngedere. Nyinyi wenyewe hamjui mnachomtia mtu tumboni."

Nami, Mungu anisamehe, hata pale nilianza kumbishia Mzee Magesa. Nilimwambia yeye Kiingereza hakijui.

Aliyetuokoa ni Nyangeta. Aliinua kichwa kwenye machela, jasho linamtiririka, akamshika mkwe wake kanga.

"Mama, achia. Wanishone hata na mkia wa fisi. Anayekufa ni mimi, siyo wewe." Akanyoosha kidole gumba kwangu. "Sista, lete hiyo karatasi."

Akaweka dole. Tukampasua, mtoto akatoka wa kike, amechoka lakini analia. Nilishona nikiwa nimefura. Katigati tulitumia kichupa kimoja na nusu. Jioni ile nilitafuta karatasi ndogo iliyokuwa ndani ya boksi, ile ambayo hakuna mtu anaisoma, nikaisoma na kamusi. Kondoo. Kwa herufi ndogo kabisa: utumbo wa kondoo. Nikaikunja nikaitia mfukoni, sikumwambia mtu. Nilijiambia mama na mtoto wamepona, maneno yatakwisha yenyewe.

Hayakwisha. Yule mtoto Buhare walimwita Nyapaka. Akina mama wakaja kliniki kupimwa, lakini ukimwambia mmoja kwamba safari hii huenda akajifungua kwa kupasuliwa, kesho yake humwoni. Daktari aliuliza kwenye kikao kwa nini Buhare hawaji. Nilitazama dirishani.

Miezi kadhaa baadaye aliletwa jirani yake Nyangeta, jina lake Nyamumwi, amefungwa kwenye baiskeli kwa kanga mbili. Alikuwa na uchungu siku nne. Mji wa mimba ulikuwa umepasuka. Mtoto alikuwa amekufa, na ili mama aishi ilibidi tuuondoe mji wa mimba wote. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Siku ya tatu, nikimbadilishia bandeji, nikamwuliza kwa ukali, kama tulivyozoea kuwauliza wagonjwa: "Kwa nini mlikaa nyumbani siku zote hizo? Buhare ni mbali?"

Akasema, "Mimi niliogopaga paka."

Hakunilaumu. Hakujua kama ni mimi. Nilimaliza kufunga bandeji, nikaenda stoo ya nguo, nikakaa juu ya mashuka. Mzee Magesa akanikuta pale. Nikampa ile karatasi ndogo ya kwenye boksi. Hakuweza kuisoma, nikamsomea.

"Kumbe uliijua tangu siku ile," akasema.

"Tangu siku ile."

Akaushika ufunguo wake wa shingoni. "Sasa, mwanangu, karatasi watu wa Buhare hawataisoma. Na mdomo wako hawatausikia. Lakini utumbo wa kondoo kila mwanamke kule anaujua. Anauosha mwenyewe."

Jumapili iliyofuata tulikwenda machinjioni, tukapewa matumbo mabichi ya kondoo, tukayatia kwenye ndoo, tukaenda Buhare kwa miguu. Tulikaa nje ya kanisa lao, kwa ruhusa ya mchungaji, akina mama wamejaa, na Bibi Wegesa mbele kabisa, mikono imekunjwa. Mimi niliyeshika bakuli la moyo nikachuchumaa na kisu butu kukwangua utumbo wa kondoo juu ya ubao. Na inzi hao.

Nilikuwa sijui. Nilisomea kuutumia, sikusomea kuutengeneza. Ukanichanika mara mbili.

"Angalieni anavyokwangua," akasema mmoja. "Kama anaosha sahani!"

"Ulaya hawalagi utumbo hao."

Bibi Wegesa alivumilia mpaka utumbo wa tatu. Kisha akaja, akaninyang'anya kisu, akaketi. "Sogea. Utaumaliza wote." Akaukwangua kwa upande wa kisu, ndani na nje, mpaka ukabaki utando mweupe, mwembamba, unaopitisha mwanga. Mzee Magesa akauchana kwa urefu, tukausokota ukiwa mbichi, tukaufunga kati ya miti miwili ukauke kwa jua. Tukaimba nyimbo zao, tukasubiri. Ulipokauka nikatoa kichupa kimoja kutoka kwenye kopo, kichupa kizima, enzi zile za njaa ya vitu, nikakivunja mbele yao. Nikauweka uzi wa kiwandani karibu na uzi wa Bibi Wegesa. Rangi moja. Nikaning'iniza ndoo ya maji kwenye uzi wa Bibi. Ulishika.

Niliwaeleza kwamba huu wa nyumbani hauingizwi kwa mtu, wa kiwandani umesafishwa na kuuliwa vijidudu, lakini asili yao ni moja. Nikasema neno paka lilikuwa kosa. Sikusema kosa la nani.

Nyamumwi alikuwa amekaa nyuma, karibu na ukuta. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Sista, wewe ndiye uliyesema paka?"

"Ndiyo."

"Na kondoo ulijua lini?"

Mzee Magesa akanitazama. Ningeweza kudanganya. Nilisema, "Jioni ya siku ile ile."

"Kwa nini hukuja kusema?"

Nina majibu ya maswali mengi. Nimefanya mitihani kwa lugha tatu na sijawahi kufeli. Pale sikuwa na jibu, na sijalipata. Nyamumwi alisubiri, kisha akashusha mkono, akatazama chini. Bibi Wegesa akaosha kisu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi wamesikia. Mwingine akikwama ataletwa." Na waliletwa.

Baada ya hapo ndoo ya utumbo ikawa kazi yangu. Gari la kliniki likienda Nyamuswa, Bunda au Butiama, nilipanda na ndoo. Dereva alilalamika kila safari kuhusu harufu. Kila mahali walinicheka ninavyokwangua, na kila mahali alitokea bibi wa kuninyang'anya kisu. Nikaacha kujifunza kukwangua vizuri. Niligundua kwamba bibi akishaushika utumbo mwenyewe, maneno yangu hayahitajiki sana.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa, mitumba ikafika, maduka ya dawa ya watu binafsi yakafunguliwa kila kona. Glovu za kuvaa mara moja zikavaliwa mara moja kweli. Mzee Magesa alikuwa ameshastaafu, na aliniachia kopo na ufunguo wake. Katigati ikaanza kupungua, si kwa shida sasa bali kwa sababu kulikuja uzi mwingine, unaotengenezwa kiwandani bila mnyama yeyote, unaoyeyuka pia, safi, imara. Nilifurahi. Nilisema, sasa nguruwe, paka na kondoo wote wamestaafu, nitapumzika.

Wiki hiyo hiyo akaja Bibi Wegesa. Mzee sasa, na kizazi kimeshuka, anahitaji upasuaji. Alisindikizwa na msichana mrefu wa sekondari, Nyapaka mwenyewe, ambaye jina hilo amelizoea na hataki lingine. Nikaenda na fomu.

"Mtanishona na kondoo," akasema Bibi. Hakuuliza.

"Hapana, Bibi. Tuna uzi mpya. Hauna mnyama."

Akakaa wima. "Hauna mnyama? Ni wa nini?"

"Wa kiwandani. Wa kisasa."

"Na unayeyuka?"

"Unayeyuka."

"Unayeyukaje? Kondoo namwelewa. Ni nyama, na mwili ni nyama, unamla. Kitu ambacho hakikuwahi kuwa hai, mwili utakilaje? Si kitanikaa tumboni kama nailoni ya nyavu?"

Barazani kulikuwa na watu kama siku ile. Mjukuu wake ananitazama. Na mimi nilikuwa na jibu mdomoni tayari, jibu zuri, lenye maneno matatu ya Kiingereza niliyoyasoma juu ya pakiti asubuhi ile. Nililihisi linapanda, na nikahisi pia kwamba maana yake siijui.

"Sijui, Bibi," nikasema. "Ngoja nikaulize."

Nilikwenda kwa daktari. Naye hakujua vizuri. Tukaifungua ile karatasi ndogo, tukakaa nayo sisi wawili, mgonjwa anasubiri, tukaisoma mpaka mwisho. Nikarudi barazani, nikamweleza Bibi kwamba mwili hauuli uzi huu, bali maji ya mwilini ndiyo yanaukata kidogokidogo mpaka unakwisha.

Bibi Wegesa hakuwa akisikiliza habari ya maji. Alikuwa amemgeukia mjukuu wake.

"Umeona? Amekwenda kuuliza." Akanyoosha kidole gumba. "Haya, lete hiyo karatasi yako."